Darasa la ukoo, siku ya kuskani, sauti za wazee au makaburi: jumuiya yenu ianze na lipi?

Kamati ya maktaba au ya chama cha mtaa ikikaa kupanga shughuli ya historia ya mahali na nasaba, swali la kwanza huwa: watakuja wangapi? Si swali baya, ila halisaidii kuchagua, kwa kuwa shughuli zote nne zilizozoeleka zinaweza kujaza ukumbi. Tofauti zake huonekana siku ya pili, watu wameshaondoka na meza imebaki na faili zisizo na majina, rekodi zisizosikilizwa na yeyote, au daftari lenye miandiko ya watu saba. Kwa hiyo hapa kila shughuli inapimwa kwa kazi inayoiacha nyuma, na kwa kile kitakachokuwa bado kinasomeka miaka kumi baadaye.

| | Darasa la ukoo | Siku ya kuskani | Sauti za wazee | Makaburi |
|---|---|---|---|---|
| Ukubwa wa kuanzia | Vipindi 6 vya saa 2, watu 15 | Saa 4, skana 2, watu 12 | Wazee 10, dakika 60–90 kila mmoja | Mawe 400 |
| Wa kujitolea | 3 | 6 | 2 kwa kila mahojiano | Jozi 3 au 4 |
| Kazi inayobaki | Ndogo, na ni ya wanafunzi | Kama saa 20 | Saa 30 kwa faharasa, 90–120 kwa maandishi kamili | Karibu sawa na muda wa uwanjani |
| Kinachobaki | Ujuzi, na miti ya ukoo mikononi mwa watu | Picha zenye majina | Sauti na kumbukumbu zisizo kwenye karatasi yoyote | Orodha na ramani |
| Huharibika kwa | Wanafunzi kupotea baada ya kipindi cha pili | Foleni, na picha bila maelezo | Rekodi zisizosikilizwa | Kusoma vibaya, au kuharibu mawe |

Siku ya kuskani

Kamati huipenda kwa sababu ni ya siku moja. Tuihesabu. Mtu mmoja kwenye skana ya kioo, akifuta vumbi, akipanga picha, akihakiki na kuipa faili jina, hamalizi zaidi ya picha 15 hadi 20 kwa saa. Tangazo likisema tu "leteni picha zenu", wa kwanza atakuja na albamu tatu na foleni itakwama kabla ya saa kupita. Wekeni kikomo cha vitu 10 kwa mtu na miadi ya dakika 40. Skana mbili kwa saa nne zitahudumia watu 12, yaani picha 120, na watu watarudi nyumbani bila kinyongo.

Picha za karatasi ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, nyaraka za maandishi kwa 300. Faili mama iwe TIFF, aina ya faili isiyopoteza undani, kisha itolewe nakala ya JPEG ya kumpa mwenye picha. Picha ya rangi ya sentimita 10 kwa 15 katika nukta 600 huzaa TIFF ya megabaiti 25 hivi, kwa hiyo picha 120 ni kama gigabaiti 3. Hakuna sababu ya kupandisha hadi 1200 "kwa usalama": faili huwa kubwa mara nne, mashine hupunguza mwendo, na picha ya kawaida ya karatasi kwa kawaida haina undani wa kutosha kujaza nukta hizo. Slaidi na negativu ni habari nyingine. Fremu ya milimita 36 kwa 24 ikiskaniwa kwa nukta 600 hutoa picha ya pikseli 850 kwa 567 tu, ndogo kuliko ya simu ya zamani. Zinahitaji nukta 2400 hadi 4000 na skana yenye taa ya juu. Kama hamna, semeni wazi kwenye tangazo kuwa siku hiyo slaidi hazipokewi.

Meza muhimu kuliko zote haina skana. Ni ile ambapo mtu wa kujitolea anaketi na mwenye picha na kuuliza: ni nani hawa, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza? Ni wapi? Ni lini, au kabla na baada ya tukio gani? Nani alipiga? Maelezo haya huchukuliwa mwenye picha akiwa amekaa hapo. Ukisema utampigia simu baadaye, humpigii, na ukimpigia hatakumbuka ni picha ipi. Uhusiano uandikwe kupitia mtu, "kaka wa baba yake", badala ya "baba mdogo" peke yake, maana neno hilo hubeba watu watatu au wanne katika familia moja.

Namba hutolewa mlangoni: bahasha A07, picha 003, na faili inaitwa A07_003.tif, bila nafasi na bila herufi za ajabu. Picha haitoki kwenye bahasha yake isipokuwa moja moja. Mchanganyiko wa picha za watu wawili ndiyo ajali mbaya kuliko zote siku hiyo, na hutokea mtu mwenye haraka anapopanga picha za bahasha mbili kwenye kioo kimoja. Kitu cha asili kisilale kwenu hata usiku mmoja.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu msiibandue, iskanini na kioo chake. Zile za albamu yenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki, skanini ukurasa mzima kwanza. Kama lazima itoke, uzi wa kusafishia meno usio na ladha hupitishwa taratibu nyuma ya picha. Maandishi ya nyuma nayo yaskaniwe, na anayetaka kuongeza jina nyuma atumie penseli laini. Wino wa kalamu hupenya au huchapika kwenye picha iliyolazwa juu yake.

Kisha ridhaa. Anayemiliki karatasi ya picha si lazima awe na hakimiliki yake. Mara nyingi ni ya mpiga picha. Fomu iwe na visanduku vitatu tofauti: kuhifadhi, kuonyesha ukumbini, kuweka kwenye mtandao. Watu wengi hukubali viwili vya kwanza na kusita kwenye cha tatu, na fomu yenye sahihi moja ya "nakubali yote" huwafukuza wakati wangekubali sehemu.

Sauti za wazee

Kati ya shughuli zote nne, hii pekee haiwezi kuahirishwa bila hasara. Jiwe la kaburi litasubiri mwaka mmoja. Kama katika jumuiya kuna wazee watano wenye kumbukumbu ya kipindi ambacho hakikuandikwa, ulinganisho karibu umekwisha: anzeni hapa. Kinachobaki ni kuamua ukubwa.

Kosa la kawaida ni kupanga wazee 40. Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo huchukua saa 6 hadi 8 za mtu mzoefu. Wazee 10 wa saa moja na nusu ni saa 15 za sauti, yaani saa 90 hadi 120 za kuandika. Kwa kikundi cha kujitolea hizo ni miezi. Njia ya kati ni faharasa ya muda: msikilizaji anaandika kila baada ya dakika tatu hadi tano sentensi moja au mbili za kilichozungumzwa, pamoja na kila jina la mtu na mahali. Kazi hiyo huchukua kama mara mbili ya urefu wa rekodi, na inatosha kwa mtafutaji wa baadaye. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi hupunguza kazi pale lugha inapozungumzwa kwa usanifu. Kwenye lahaja, majina ya watu na majina ya zamani ya mahali, hukosea kwa kujiamini, na hayo ndiyo mnayoyatafuta.

Rekodini WAV, kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ni megabaiti 520 hivi. MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo hairudi tena, hivyo itengenezwe baadaye kama nakala ya kugawa. Maikrofoni ndogo ya nguoni ikae shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na vifungo. Kusuguana kwa nguo hakusafishiki. Kiwango cha sauti kwenye kipimo cha mashine kicheze karibu na desibeli −12 pale mzee anapoinua sauti, ili kicheko kisipasue. Aliyeshika mashine avae hedifoni muda wote, maana bila hedifoni friji na feni hamtazisikia mpaka nyumbani. Kabla ya kuanza, nyamazeni nusu dakika mrekodi chumba kitupu. Mlio huo husaidia anayesafisha rekodi baadaye.

Msianze na tarehe ya kuzaliwa. Swali hilo huwatia watu hofu ya kukosea na kuwageuza mashahidi mahakamani. Mpeni karatasi achore nyumba aliyokulia na nyumba za jirani, na majina yatafuata yenyewe. Mahojiano yawe ya mtu mmoja mmoja. Ndugu wanne wakiwekwa pamoja, mmoja hutawala na wengine huitikia, na mnabaki na toleo moja la habari ambalo sasa wote wanalikumbuka. Dakika 90 ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo mzee anajibu kwa heshima tu.

Ridhaa ichukuliwe mara mbili: kwa sauti mwanzoni, na kwa sahihi mwishoni, akishajua alichokisema. Mpeni pia haki ya kufunga sehemu fulani, kwa mfano hadi atakapokuwa amefariki, na muiandike kwenye jina la faili, kwani fomu ya karatasi hupotea.

Kuhusu ukweli wa masimulizi: mfuatano wa matukio kwa kawaida ni imara kuliko miaka yake. "Nilizaliwa mafuriko makubwa yakiwa yamepita" ni habari nzuri, tafuteni mwaka wa mafuriko. Orodha ndefu za mababu zina tabia yake. Mwanzilishi wa ukoo hukumbukwa, vizazi vitatu au vinne vya karibu hukumbukwa, na majina ya katikati huyeyuka. Kipimo ni rahisi: kizazi kimoja ni wastani wa miaka 25 hadi 30. Mkipewa majina matano ya kujaza miaka 250, kuna watu watatu hadi watano wamedondoka njiani. Mzee hajadanganya, ila msiyaingize kwenye mti kama baba na mwana bila alama ya kuuliza.

Darasa la ukoo

Darasa huwaachia waandaaji kazi ndogo kuliko zote, na huwaachia kidogo kuliko zote. Miti inayotengenezwa ni ya wanafunzi. Kama jumuiya inataka hazina ya pamoja, darasa pekee halitaileta. Kama hakuna mtu wa kukaa na kazi mwaka mzima, ndilo chaguo la uaminifu.

Vipindi sita: mimi na wazazi, kuuliza ndugu, nyaraka za nyumbani, rekodi za umma na za dini, kuingiza kwenye kompyuta, kuandika ukurasa mmoja wa historia ya familia. Watu 15, mwalimu mmoja na wasaidizi wawili wanaozunguka. Wanafunzi hupotea baada ya kipindi cha pili kwa sababu hawakumpigia shangazi simu kama walivyoagizwa, wakaona haya kurudi mikono mitupu. Dawa ni kutoa robo ya kwanza ya kipindi cha tatu kwa simu hizo, palepale darasani.

Wafundisheni namba mapema. Mwanafunzi ni 1. Baba wa yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni mara mbili na moja zaidi. Kwa hiyo mama wa baba ni 5, na hahitaji kuchorwa ili ajulikane alipo. Mfumo huu ulichapishwa mwaka 1590 na Michaël Eytzinger na bado haujapata mpinzani kwa wepesi. Unaonyesha pia ukubwa wa kazi: katika kizazi cha kumi nyuma nafasi ni 1,024, hivyo anayedai "nimemaliza ukoo wangu" amefuata mstari mmoja.

Programu ya kutumia hugawanya watu, na hapa lazima kuchagua. FamilySearch ni bure, lakini mti wake ni mmoja wa dunia nzima: taarifa za marehemu zinaweza kubadilishwa na mtumiaji mwingine yeyote, na zile za walio hai hufichwa. WikiTree nayo ni ya mti mmoja wa pamoja. Gramps pia ni bure, hukaa kwenye kompyuta yako na hakuna anayeigusa, ila mtu asiyezoea kompyuta atahitaji vipindi viwili vya ziada. Kwa darasa la watu wapya, karatasi kwa vipindi vinne vya kwanza, kisha Gramps kwa wanaotaka faragha na FamilySearch kwa wanaotafuta ndugu waliopotea. Yoyote mtakayochagua, jaribuni kutoa faili ya GEDCOM, yaani muundo wa kuhamisha mti kati ya programu, na kuifungua kwenye programu nyingine kabla mtu hajaingiza majina 300. Toleo la 5.5.1 hubeba majina, tarehe na uhusiano, lakini picha hubaki nje. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 lina kifurushi cha kubeba na picha, ila si kila programu inakisoma.

Kuna makosa mawili ambayo darasa liyakatae tangu siku ya kwanza. La kwanza ni kunakili mti wa mtu mwingine bila kuona ushahidi. Kosa moja hunakiliwa mara mia na kuonekana kama mashahidi mia. La pili ni tarehe ya tarakimu tupu: 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Andikeni mwezi kwa jina. Umri uliotajwa kwa miaka ya Hijria ugeuzwe, kwani miaka 66 ya mwandamo ni takriban 64 ya jua. Tarehe za kale za Ulaya nazo zina mtego: kalenda mpya (ya Gregori) ilianza 1582, Uingereza ikaipokea 1752, Urusi 1918. Na asiye na jina la ukoo, nafasi hiyo iachwe wazi. Jina la kubuni la kuridhisha programu hugeuka kuwa ndugu wa uongo.

Makaburi

Ni shughuli nzuri kwa vijana na kwa watu wasiopenda kukaa. Jozi iliyozoea, mmoja akisoma na mwingine akiandika, hukamilisha mawe 20 hadi 30 yanayosomeka kwa saa. Kwanza ruhusa ya msimamizi, na mhakikishe kama orodha haipo tayari: tovuti ya Find a Grave imekuwapo tangu 1995 na BillionGraves tangu 2011.

Ramani ichorwe kwa mkono, safu na namba, kuanzia langoni. Msitegemee simu peke yake; chini ya anga wazi GPS yake hukosea kwa mita tano hivi, na ndani ya mita tano kuna makaburi matatu. Maandishi yanakiliwe yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia, na mkwaju (/) uwekwe pale mstari unapokatika. Tarakimu zinazochanganywa zaidi ni 1 na 7, 3 na 8, 5 na 6, kwa hiyo jozi ya pili isome upya bila kuona orodha ya kwanza, kisha zilinganishwe.

Jiwe lililofifia husomwa kwa mwanga wa pembeni: asubuhi mapema, jioni, au kwa kioo kinachorusha jua kutoka upande mmoja ili kila herufi itupe kivuli. Chaki, unga, povu la kunyolea, dawa ya madoa na brashi ya waya ni marufuku. Dawa ya madoa huacha chumvi ndani ya vinyweleo vya jiwe, chumvi inakauka na kulipasua uso. Unga hulisha kuvu. Maji safi na brashi laini, kutoka chini kwenda juu, na tu kama jiwe halimumunyuki mkononi.

Orodha itakayotoka si orodha ya waliozikwa. Ni ya waliowekewa jiwe, na jiwe lenyewe huenda liliwekwa miaka mingi baada ya mazishi na mtu aliyekisia mwaka. Iandikeni hivyo juu ya ukurasa wa kwanza.

Yale mengine

Matembezi ya kihistoria na mihadhara huleta watu ila haviachi nyuma karibu chochote. Kilomita mbili, vituo sita hadi nane, dakika 90, watu 20 kwa kiongozi mmoja. Yatumieni kukusanya majina ya watakaokuja kuskani.

Vipimo vya DNA havifai kuwa shughuli ya kwanza. Binamu wa kwanza hushirikiana kwa wastani asilimia 12.5 ya DNA, ndugu wa baba na mama mmoja karibu 50, na namba hizo hazifichi siri ya mtu. Matokeo hufichua pia ndugu ambao hawakuombwa ridhaa. Mkiyafanya, yawe na mtu aliyejiandaa kuzungumza na atakayegundua jambo.

Mchague kwa hali yenu

Mna chini ya watu watatu wa kukaa na kazi mwaka mzima: darasa, basi. Mna wazee na mtu mmoja mwenye subira ya kusikiliza: sauti, watano tu, mmalize faharasa kabla ya wa sita. Mna vijana wengi na wikendi mbili: makaburi. Kuskani kunafaa pale tu ambapo kuna mahali pa kuhifadhi, yaani nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa jengo jingine, na mtu mwenye jukumu la kufungua faili kila mwaka kuona kama bado zinafunguka. Flashi kwenye droo ya katibu haihesabiki.

Kama bado hamjaamua, kuna mchanganyiko mdogo unaohitaji watu watatu na siku moja: wageni watatu, picha 10 kila mmoja, na kinasa sauti kikiwa kimewashwa wakati mwenye picha anaeleza. Picha mezani hutoa majina ambayo swali halitoi. Anayerekodi ataje namba ya kila picha kwa sauti inapogeuzwa, na faili ya sauti ibebe namba ya bahasha. Bila hivyo mtabaki na sauti nzuri ikisema "huyu wa tatu ndiye aliyejenga kisima", na hakuna atakayejua ni wa tatu katika picha ipi.